Jinsi ya kuguna, kusonya, kucheka na kulia mbele ya maiki: mwongozo kamili kwa wanaoingiza sauti

Nimeulizwa mara nyingi jinsi ya kutoa sauti zisizo maneno, kama mguno na kilio, mpaka nimeona bora nikae chini niliandike lote mara moja. Unakuta mtu sauti anayo, Kiswahili kimenyooka, skripti anaitiririsha kama maji, afu anafika kwenye mstari ulioandikwa (anaguna) au (analia kwa kwikwi), anakwama hapo hapo. Anasoma "mh" kama anavyosoma neno "meza", kavu kabisa. Na mtazamaji wetu wa nyumbani atakusamehe neno ulilokosea, atakusamehe hata mdomo usipokaa sawa na picha, ila kicheko cha kutengeneza hakisamehe.

Mi naingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, nyingi za Kituruki, hapa Dar, huu mwaka wa sita. Siku yangu ya kwanza studio nilipewa mama mmoja kafiwa na mwanae. Nikalia. Yaani mi nilijiona nimelia kweli kweli, "uhu, uhu, uhu". Dairekta akakaa kimya kidogo afu nikamsikia kwenye hedifoni, "Dada, hapo unacheka au unakohoa?" Chumba kizima kikaangua kicheko, na kile kicheko ndo kilikuwa somo la kwanza maana hakuna hata mmoja aliyesema "ha ha ha". Mmoja alitoa pumzi ya puani tu, mwingine alikwaruza kama bawaba yenye kutu, mwingine hakutoa sauti kabisa, alikuwa anagonga meza machozi yanamtoka.

Basi shika hili kabla hatujaenda mbali: hizi sauti hazisomwi, zinafanywa na mwili. Ukianzia mdomoni umeshapotea, anzia mbavuni na kwenye pumzi, mdomo utafuata wenyewe.

Kwanza ujue kwa nini inabidi uzitoe wewe

Wageni wengi wa kazi hii wanadhani kile kilio cha yule dada wa Istanbul kinabaki, sisi tunaweka maneno tu. Hapana. Mara nyingi tunachopewa ni picha, muziki na vishindo (mlango, gari, vikombe), ile njia ya sauti za waigizaji imetolewa yote, na ilivyotolewa imeondoka na pumzi zao, vikohozi vyao, mabusu yao, kila kitu. Kwa hiyo mhusika akipanda ngazi mbio na wewe hukuhema, kule nyumbani wanaona mzimu unapanda ngazi. Hapo ndo utajua kwamba kwenye kipande cha dakika moja cha ugomvi unaweza kuwa na mistari sita ya maneno na sauti ishirini zisizo maneno.

Hatua ya 1: Tazama, sikiliza, weka alama

Angalia kipande mara tatu. Ya kwanza na sauti ya asili. Ya pili zima sauti, uangalie mabega, kifua na koo tu, maana mwili unakwambia pumzi inaingia wapi. Ya tatu ukiwa na kalamu. Mi natumia mshale unaoshuka kwa pumzi inayotoka, unaopanda kwa inayoingia, na duara kwa sauti ya mdomo uliofungwa. Skripti yangu ukiiona utadhani mtoto kaichezea, ila nikisimama kwenye maiki sibahatishi.

Kila alama jiulize mambo matatu. Hewa inaingia au inatoka? Mdomo uko wazi au umefungwa? Na hii sauti inamlenga nani? Hilo la tatu watu wanaliruka na ndo kubwa kuliko yote, maana mguno wa peke yako chumbani na mguno wa kumfanya mkwe asikie ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hapo hapo amua kipi unakiiga kama kilivyo na kipi unakigeuza kiwe cha kwetu. Kuna utafiti ulitoka 2010, watu wa Uingereza walisikilizishwa sauti za Wahimba wa Namibia na Wahimba wakasikilizishwa za Waingereza, bila neno hata moja. Hofu, hasira, huzuni, karaha, mshangao, vilieleweka pande zote mbili, na kicheko pia. Zile za raha, kama kushusha pumzi ya nafuu au kushangilia ushindi, hazikuvuka vizuri. Studio nimeona hicho kitu kwa macho yangu. Yowe la hofu nalifuata jinsi Mturuki alivyolitoa, lakini furaha na nafuu lazima nizilete nyumbani.

Mfano ambao utakutana nao wiki ya kwanza: Mturuki akikataa kitu anapiga kidoko, "tch", moja tu, huku nyusi zikipanda. Kwake hiyo ni "hapana", haina ubaya wowote. Ukiiacha hivyo hivyo mtazamaji wa Mbagala anaelewa yule kijana kamdharau baba yake, maana kwetu kidoko ni masikitiko au dharau. Weka "aa-aa" laini au "mm-mm" ya mdomo uliofungwa, inakaa vizuri tu kwenye ule mdomo.

Hatua ya 2: Koo na chumba

Maji ya kawaida, sio ya barafu, na uanze kunywa asubuhi sio ukishafika studio, maana maji ya dakika tano zilizopita hayajafika popote. Dakika kumi za kupasha: peperusha midomo kama mtoto anayeigiza pikipiki, "brrrr", ukipanda na kushuka. Afu chukua glasi ya maji na mrija, toa mapovu huku unaimba "uuu" ndani ya mrija, hii inalegeza nyuzi za sauti vizuri mno. Afu guna guna kwa mdomo uliofungwa. Basi.

Ukiwa na mafua au sauti imekauka usipige yowe siku hiyo, hata kama dairekta ana haraka. Na usijidanganye kwamba kunong'ona ni kupumzisha sauti, kunong'ona kwa nguvu kunachosha vile vile. Ukikaa wiki tatu bado sauti inakwaruza, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiishie kwenye tangawizi na asali.

Kama unarekodia nyumbani, kabati lililojaa nguo linashinda chumba kitupu mara mia. Simamisha godoro nyuma yako, tandika blanketi mezani, zima feni, chomoa friji kama iko karibu (weka ufunguo wa nyumba ndani ya friji ili usisahau kuirudisha, nimeshaozesha samaki mimi). Jua ratiba ya adhana na ya kuku wa jirani.

Umbali: sauti za kawaida ni shubiri moja kutoka kwenye maiki, mguno mdogo unaweza kusogea nusu shubiri, kicheko kikubwa rudi mkono mzima, yowe na vigelegele mita 1 au zaidi, na uso ugeuze pembeni kidogo. Geini (nguvu ambayo maiki inapokelea sauti) iwekwe ili maneno yafike kwenye desibeli -12 hivi na kelele zisipite -6. Ikigusa 0 sauti inapasuka na hakuna edita wa kuirudisha. Sisi tunarekodi kilohetsi 48, biti 24. Na usisahau kurekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba, edita atakubariki.

Hatua ya 3: Pumzi tupu

Anza hapa hata kama unaona ni jambo dogo. Kuhema, kutweta, kushtuka, kushusha pumzi. Kabla ya kurekodi mtu aliyekimbia, usijifanye, ruka kamba mara thelathini au panda ngazi, ukirudi rekodi moja kwa moja. Ukiigiza kuhema ukiwa umekaa pumzi zinalingana kama saa, wakati mtu aliyekimbia kweli pumzi zake zinagombana, moja ndefu, mbili fupi, anameza mate, tena ndefu.

Kushusha pumzi nako kuna siri. Mwili wenyewe unafanya hivi kila dakika tano hivi bila wewe kujua, ili vifuko vidogo vya hewa kwenye mapafu vilivyosinyaa vifunguke tena. Ukiichunguza hiyo pumzi, inaingia mara mbili, unavuta kawaida afu unaongezea kidogo juu yake, ndo inashuka. Wengi wanaigiza kule kushuka tu, "haaaa", inasikika kama mtu anapuliza kioo. Vuta mara mbili kwanza. Mtazamaji hajui kwa nini kaamini, ila kaamini.

Hatua ya 4: Miguno

Hapa tukae kidogo maana kwa maoni yangu mguno ni mgumu kuliko kilio. Kilio kina mwongozo wa machozi, ila mguno ni sentensi nzima uliyoimeza.

Skripti itakuandikia (anaguna) halafu basi, ikuache uhangaike. Mguno upi sasa? Kuna "mh" fupi inayokatika kooni, hiyo ni shaka, sijaamini unachosema. Kuna "mmmh" inayopanda na kuning'inia juu, hiyo ni ya umbea, maana yake endelea nipo. Kuna "mhhh" inayoshuka taratibu mpaka chini, hiyo ya mtu mzima aliyeona mengi na hataki kusema. Kuna ya chakula kitamu, inatokea juu puani na macho yanafumba. Kuna ile ya kukubali na ile ya kukataa, zinafanana kwa mbali lakini sikiliza: kukubali, "mm-hm", hewa inapita puani katikati bila kukatika na sauti inapanda, kukataa, "mm-mm", koo linafunga kabisa katikati na sauti inashuka. Ukilegeza hapo kooni umegeuza hapana ikawa ndiyo na hadithi imebadilika, nimeona binti kakubali ndoa kwa bahati mbaya hivi hivi, ikabidi turudie.

Na kuna "enhe", ambayo ni mali yetu. Mturuki akisimuliwa jambo anaweza kukaa kimya anatikisa kichwa, Mswahili lazima aitikie. Picha ikiruhusu, mhusika akiwa kageuza mgongo au kamera iko kwa mwenzie, mi naweka "enhe" ndogo kwa mbali, na mazungumzo yanakuwa ya watu ghafla.

Jinsi ya kufanya mazoezi: andika sentensi tano za kweli. Kwa mfano "huyu naye kazidi", "sikuamini hata kidogo", "basi yaishe", "kumbe ndo hivyo", "nimechoka mwanangu". Sema sentensi kwa sauti mara mbili. Afu iseme mdomo ukiwa umefungwa, sauti ipande na kushuka vile vile. Afu ifupishe mpaka ibaki silabi moja, lakini kichwani bado unaisema yote. Hiyo silabi iliyobaki ndo mguno wako. Ukirekodi bila sentensi kichwani inatoka sauti ya ng'ombe, nakwambia ukweli.

Miguno ya mwili iko kundi lingine. Kubeba mzigo, kupigwa ngumi ya tumbo, kugumia kwa maumivu, kupiga kite cha uchungu wa uzazi. Hapa kaza tumbo kweli kweli, sukuma ukuta kwa mikono miwili, usiusukume kwa koo. Ngumi ya tumbo ni pumzi inayotoka yote kwa mkupuo na sauti kidogo sana, wengi wanaweka "aaah" kubwa wakati mtu aliyepigwa tumboni hana hewa ya kupigia kelele, anaitafuta.

Kabla sijatoka hapa, ile "eh?" ya kumwambia mtu arudie alichosema. Watafiti walishalinganisha lugha 10 za mabara tofauti, wakachapisha 2013, wakakuta zote zina kisauti kinachofanana cha namna hiyo, kifupi, mdomo hauhangaiki, mwishoni kinaulizia. Kwa hiyo kwenye picha kinakaa chenyewe. Ila jihadhari na adabu, mama akimwita mtoto kwenye tamthilia na mtoto akajibu "eh?", bibi zetu watazima tivii. Binti mpe "abee", wa kiume mpe "naam", hata kama Mturuki kajibu kisauti tu.

Hatua ya 5: Kusonya

Raha ya kazi hii. Ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, midomo imebana na upande mmoja umefunguka kidogo, afu unavuta hewa kuingia ndani, sio kutoa. Wengi wanaotoa "sssss" kwa nje wanasikika kama tairi ya baiskeli. Inavutwa. Na urefu ndo uzito, msonyo mfupi ni "nimesahau ufunguo", wa kati ni "wewe huna akili", mrefu unaokatika kwa kishindo ni mwisho wa urafiki. Huko mitandaoni tunauandika "mxiuuu", Kenya wanaandika "nkt", na ukiangalia herufi zote mbili zinajaribu kuandika kitu ambacho alfabeti haina.

Kwenye maiki msonyo una makali ya juu yanayochoma masikio, geuka pembeni na usirekodi zaidi ya mara tatu mfululizo, mate yanaisha na unakuwa mkavu. Kunywa maji.

Nani anamsonya nani, hapo usikosee. Mtu mkubwa anaweza kumsonya mdogo, wenzi wanasonyana, ila mkaza mwana akimsonya mama mkwe usoni hiyo ni vita imetangazwa, kwa hiyo kama hadithi haijafika vitani mgeuze asonye akishatoka chumbani. Na usidhani ni ya kwetu Pwani tu, imeenea Afrika na ikavuka bahari mpaka Karibi, na kule Ufaransa mwaka 2015 baadhi ya shule ziliupiga marufuku msonyo darasani. Yaani walimu wa Ufaransa nao walishaumizwa.

Hatua ya 6: Kicheko

Kicheko ni pumzi moja inayotoka, imekatwakatwa na misuli ya mbavu na ya chini ya mapafu. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kwenye kicheko tu, alipima akakuta vipande hivyo vinakuja kama vitano kwa sekunde, na mtu hachanganyi, akianza na "ha" anaenda na "ha", akianza na "he" anaenda na "he". Ile "ha-ha-he-ho" ni ya katuni. Alikuta pia kwamba anayeongea anachekea mwisho wa kauli, hakati neno katikati, kwa hiyo kicheko chako kiweke pale ambapo ungeweka nukta.

Namna ya kukifanya: toa hewa yote mpaka mapafu yanaomba, shikilia sekunde moja, afu anza kukata ile iliyobaki kwa tumbo bila kuweka sauti. Sikiliza inavyosikika, ni kicheko cha kimya. Ukishaweza, weka sauti kidogo. Usianze na sauti. Kicheko cha kweli kina hewa nyingi na kinapanda juu kuliko sauti yako ya kuongea, na mwishoni kuna ile pumzi ya kuingia, "hiiii", hiyo ukiisahau kicheko kinakatika kama redio iliyoishiwa betri.

Provine huyo huyo alionyesha kwamba mtu akiwa na wenzie anacheka mara 30 zaidi kuliko akiwa peke yake. Kwa hiyo usijifungie kibandani ukitegemea kucheka, mwombe mwenzio asimame ng'ambo ya kioo akuangalie usoni, asiseme kitu. Sisi tunaye mhandisi mmoja wa sauti kazi yake ni hiyo, ananyanyua nyusi tu.

Vicheko vya aina: cha dharau ni pumzi moja ya puani na "heh" moja, usiongeze. Cha mzee kinaishia kwenye kikohozi. Cha aibu mdomo umefungwa na mabega yanapanda. Cha mnafiki, hapo sasa ndo utumie kila kosa nililokukataza, anza na sauti moja kwa moja, kipitishe puani, kilinganishe, kikate ghafla.

Hatua ya 7: Kilio

Usikumbuke msiba wako. Najua kuna watu wanafundisha hivyo, mi nilifanya mara moja, nikamkumbuka marehemu bibi yangu mzaa mama, kipande kilitoka kizuri kupita maelezo, ila niliondoka studio saa tano asubuhi na siku mbili zilizofuata sikuweza kufanya chochote, na dairekta alitaka turudie kwa sababu ya kelele ya kiti. Bibi simleti tena kazini. Tumia mwili.

Kilio kinaanza kwa koo kukaza. Jifanye unameza kidonge kikubwa bila maji, halafu ongea ukiwa hapo hapo, sauti inatetemeka yenyewe. Hiyo ni ngazi ya kwanza, mtu anajizuia, na nakwambia kwenye tamthilia robo tatu ya vilio viko hapa, mtu anapigana asilie. Ngazi ya pili ni kwikwi. Kwikwi ya kilio inaingia, haitoki, na hapo ndo nilikosea siku ile ya kwanza na "uhu uhu" zangu za kutoa. Vuta hewa kwa mikato mitatu midogo, "hi-hi-hi", koo likijifunga kila mkato, afu itoke moja ndefu inayotetemeka. Rudia ila usilingane, mara mikato miwili, mara minne. Vuta makamasi. Mtu anayelia bila makamasi simwamini.

Ngazi ya tatu ni kuangua kilio na kuomboleza, na hapa ndo utapata majaribu. Msiba wetu una sauti yake, mtu anafika getini ameshika kichwa, "mama weee", na wanawake waliomo ndani wanaitikia. Kwenye tamthilia ya nje unaona yule mama amesimama kaburini, midomo imefunguka kidogo tu. Usimwekee kilio cha msiba wa Tandale kwenye mdomo ule, watu watacheka. Fuata ukubwa wa mdomo, sio ukubwa wa huzuni. Ila akiwa kajifunika uso au kageuka, hapo mpe haki yake.

Mtoto mchanga tunafanya wenyewe pia, kwenye mto. Weka mto mdomoni, sauti ya juu kabisa, fupi fupi, na katikati ile pumzi ya kuingia yenye kukwaruza. Sogea mbali na maiki. Inachekesha kuangalia ila inafanya kazi.

Hatua ya 8: Yowe

Liwe la mwisho siku hiyo. La mwisho kabisa, baada yake nenda nyumbani.

Kinacholifanya yowe liitwe yowe sio ukubwa wake, ni ukwaruzo. Watafiti walipima wakatangaza 2015 kwamba sauti ya yowe inatikisika kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, kuongea kwa kawaida hakufiki huko, na ving'ora vinafanya hivyo hivyo. Maana yake kwako ni kwamba huhitaji kupiga kelele kubwa mpaka uumie, unahitaji ule ukwaruzo. Fungua mdomo wima kama unapiga miayo, sukuma kutoka tumboni, kichwa kisiinuke, na ukisikia mkwaruzo kooni kama pilipili acha papo hapo. Mayowe matatu, maji, pumzika dakika kumi. Yaliyotoka vizuri yatunze. Wamarekani wana yowe moja lilirekodiwa 1951, wanaliita Wilhelm, limetumika kwenye mamia ya filamu mpaka leo, kwa hiyo usione aibu kutumia yowe lako mara ya pili.

Na waambie majirani. Mi nilikuwa narekodia nyumbani Tabata, kabatini, nikapiga "uuuwiii" moja safi sana, sijamaliza ya pili mlango unagongwa, kuna wababa wanne, mmoja ana fimbo, mmoja ana ndoo ya maji, na mama wa jirani anauliza moto uko wapi. Kwetu yowe ni wito, ukilipiga watu wanatoka. Usukumani wanaita mwano, Kenya wanasema kupiga kamsa, na asiyetoka kesho ataulizwa. Niliwapikia chai wote.

Hatua ya 9: Vigelegele

Sauti nyembamba ya juu, "liiii", ulimi unacheza haraka kushoto na kulia ukigusa pembe za mdomo (wengine wanapandisha na kushusha, vyote sawa), kiganja kinaziba juu ya mdomo wa juu. Anza taratibu bila sauti mpaka ulimi uzoee, kioo kikusaidie, afu weka sauti. Pumzi moja, ikianza kuisha kata kwa kuipandisha juu.

Habari njema ni kwamba kusini mashariki mwa Uturuki wanavyo, wanaviita zılgıt, kwa hiyo kwenye harusi za huko huhitaji kugeuza kitu. Oman na Waarabu wengine vile vile. Hesabu yake tu ndo inatofautiana kwa watu, Wakikuyu kwa mfano desturi yao ni vitano kwa mtoto wa kiume na vitatu kwa wa kike. Kama picha ina wanawake ishirini na studio mko wawili, rekodi mara sita, kila mara simama sehemu tofauti ya chumba na badilisha urefu wa pumzi, afu edita azipange zisianze pamoja. Zikianza pamoja ni king'ora.

Vilivyobaki, haraka haraka

Kujikohoza: kwetu kuna kikohozi cha mzee anayekaribia mlango ili waliomo ndani wajue, kiwe cha kooni, kimoja na nusu. Chafya: kilicho muhimu ni ile pumzi ya kuvuta kabla, chafya yenyewe tupa vyovyote, ila pembeni ya maiki. Miayo: piga ya kweli, ukiwaza tu inakuja. Busu: mgongo wa mkono wako, fupi, na usiangalie mwenzio maana mtacheka.

Hatua ya mwisho: kusikiliza na kutunza

Ukimaliza zima picha, sikiliza sauti tupu. Picha inadanganya, inasaidia sauti mbovu. Mi nafungulia spika na kumwacha mama yangu jikoni bila kumwambia kitu. Akiuliza "we, kuna nini huko?" nimemaliza kazi. Akiendelea kukatakata vitunguu narudia.

Kila sauti nzuri ikate, ipe jina linaloeleweka, mfano "mguno_shaka_mfupi_02", sio "audio mpya mpya 7". Ila usitumie mguno wa mhusika mmoja kwa mwingine, watazamaji wana masikio.

Na kabla hujasaini, uliza unalipwa vipi. Kuna sehemu nilifanya kazi walikuwa wanahesabu mistari ya maneno tu, episodi nzima nilikuwa mgonjwa wa kitandani, nimegumia, nimekohoa, nimekata roho, nikalipwa mistari mitatu. Siku hizi naomba miguno iandikwe kwenye hesabu kabla sijavaa hedifoni, na ile ya kukata roho naihesabu miwili.